Je, Wajua? Upepo Unaofika Ziwani

Je, wajua kwamba ardhi iliyokodishwa kwa ajili ya mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana inakaribia ukubwa wa Nairobi yote? Mkataba ulitaja ekari 150,000, yaani kilomita za mraba 607 hivi. Kaunti ya Nairobi ina 696. Anzia mtaa wa Ziwani, ongeza Kariokor, Pumwani, Shauri Moyo na Gikomba, vuka mto uchukue Industrial Area, nenda Embakasi mpaka Ruai, rudi kwa njia ya Kasarani, zunguka Dagoretti, Lang'ata na Karen. Ukusanye kila mtaa wa jiji hili, uiache nje Mbuga ya Taifa peke yake, na bado hujazifikia ekari hizo.

Mitambo iko 365. Imesimama kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, kusini-mashariki mwa ziwa, katika Kaunti ya Marsabit, na eneo inalolitumia hasa ni kama ekari 40,000. Basi zilizobaki zilikodishiwa nini? Swali hilo, pamoja na lile la nani aliulizwa kabla ya kutiwa sahihi, ndilo lililowapeleka wakazi wa huko katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru mnamo Oktoba 2014. Kwa maoni yangu maswali hayo mawili yanafafanua karibu kila mgogoro wa mitambo ya upepo nchini Kenya. Magazeti hupenda kuuandika kama ugomvi wa stima na ndege, au wa stima na mandhari. Fukua kidogo tu, utakuta karatasi ya shamba.

Ardhi ile ilikuwa ya udhamini. Waturkana, Warendille, Wasamburu na Waelmolo walilisha mifugo au kuvua humo tangu zama, lakini kisheria mshikaji wake alikuwa baraza la kaunti la wakati ule, kwa niaba yao. Mdhamini hakuwa na ruhusa ya kugawa anavyopenda. Sheria ilimtaka atoe tangazo, apitishe ombi kwenye bodi ya ardhi ya tarafa, asikilize pingamizi, na alipe fidia kwa waliopoteza haki zao. Tarehe 19 Oktoba 2021, zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Uhuru Kenyatta kwenda kuuzindua mradi huo kwa shangwe, majaji wa Meru waliamua kwamba utaratibu huo haukufuatwa na kwamba hati zilipatikana kinyume cha sheria. Waliwapa wahusika mwaka mmoja warekebishe mambo. Mwaka ukapita. Mei 2023 mahakama ikakataa kuongeza muda. Mapanga ya mitambo hayakusimama hata siku moja kwa ajili ya hukumu hiyo.

Mtu wa Ziwani hahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi mambo kama haya yanavyotokea. Nyumba zile za chini zilijengwa na baraza la jiji enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na hadi leo mwenye nyumba ni kanju, ingawa siku hizi kanju inaitwa kaunti. Umezaliwa humo, umezika wazee wako ukitokea humo, lakini karatasi haina jina lako. Kila mpango mpya wa kuvunja mitaa ya zamani ya Eastlands na kusimamisha ghorofa unapotangazwa, swali la kwanza la wapangaji huwa ni lilelile la Marsabit: mlimuuliza nani?

Je, wajua kwamba siku nane tu kabla ya hukumu ya Meru, mahakama ya juu ya nchi tajiri ya Ulaya ilitoa hukumu inayofanana nayo kama pacha? Tarehe 11 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba leseni za mashamba mawili ya upepo katika rasi ya Fosen, Storheia na Roan, hazikuwa halali. Mitambo 151 ilikuwa imeshasimamishwa kwenye malisho ya baridi ya kulungu wa Wasami, wafugaji asilia wa kaskazini. Majaji walisema haki ya jamii hiyo kuishi kwa utamaduni wake ilikuwa imevunjwa. Hata huko mapanga yaliendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wa Kisami walifunga milango ya wizara mjini Oslo, na maafikiano hayakukamilika mpaka Machi 2024.

Sasa sikiliza hili. Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, ulikuwa mmoja wa wenye hisa katika mradi wa Ziwa Turkana. Ulikuwemo pia katika mradi wa Kinangop tutakaoufikia. Kwa hiyo nchi moja ilijikuta ikibishana na wafugaji wa kulungu nyumbani kwake na, kupitia pesa zake, na wafugaji wa ngamia na mbuzi huku kwetu, ndani ya mwezi uleule. Sidhani kama kulikuwa na hila. Nadhani ni ile imani kwamba mahali pasipo na ghorofa wala uzio hapana mwenyewe, na imani hiyo imekuwa ikisafiri bila pasipoti.

Kwa nini Turkana lakini, mahali ambapo hata barabara ililazimika kutengenezwa upya kwa zaidi ya kilomita 200, kutoka Laisamis mpaka kwenye mitambo? Kwa sababu upepo wa pale si wa kawaida. Upande mmoja kuna nyanda za juu za Ethiopia, upande mwingine nyanda za juu za Kenya, na katikati kuna bonde jembamba. Hewa itokayo Bahari ya Hindi ikifika hapo hubanwa, nayo hutoka kwa kasi, mithili ya maji yanayoruka mbali ukibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Wataalamu wa hali ya hewa J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliuandikia ulimwengu wa sayansi kuhusu mkondo huo mwaka 1982, na tangu hapo unajulikana kwa jina la Turkana. Wafugaji walioujua kabla ya hapo hawakuwa na jarida la kuchapisha. Yasemekana pia kwamba wazo la kuutega upepo huo lilianzia kwa Mholanzi Willem Dolleman, aliyekuwa akienda ziwani kuvua samaki na kukuta hema lake halitulii.

Upepo wa pale huenda kwa wastani wa meta 11 hivi kwa sekunde, na hapa pana hesabu ambayo watu wengi hawaijui. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo sababu mwekezaji yuko tayari kuvuta nyaya kilomita mia nne na ushei kwenda kuufuata upepo wa kasi, badala ya kuridhika na upepo wa wastani ulio karibu na mji. Kuna kasoro moja: mkondo wa Turkana hupenda kuvuma usiku na alfajiri, wakati Nairobi imelala, viwanda vimefungwa, na umeme wa mvuke wa Olkaria nao unatafuta wa kuutumia.

Je, wajua kwamba token unayonunua Ziwani ina harufu ya yuro? Mkataba wa kununua umeme wa Turkana, wa miaka 20, uliandikwa kwa sarafu ya Ulaya: senti 7.52 za yuro kwa uniti, hadi kiwango fulani kwa mwaka. Tazama ule mchanganuo wa makato ya token yako. Kuna tozo ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, imekaa kimya pamoja na ile ya mafuta na ile ya mfumuko wa bei. Si Turkana pekee inayoizaa, maana mikopo na mikataba mingi ya umeme iko kwa dola au yuro, lakini shilingi ikiteleza, fundi wa kuchomelea vyuma Eastlands huijua habari hiyo mapema kuliko wachumi wengi.

Na kuna kipindi ambapo upepo ulilipiwa bila kutumiwa. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Njia ya umeme ya kilovolti 400, kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, haikuwa tayari, kwa sababu kampuni ya Kihispania Isolux Corsán iliyopewa kazi hiyo ilifilisika ikiwa haijamaliza. Wachina wakaitwa kumalizia. Stima ilifika kwenye gridi Septemba 2018, na kwa muda ule wote wa kungoja mkataba ulimtaka mnunuzi alipe umeme ambao ungezalishwa. Benki ya Dunia ilikuwa imeuona mtego wa aina hiyo mapema: mwaka 2012 ilijiondoa, ikihofia kwamba Kenya ingefungwa kununua umeme isioweza kuutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikabaki na kuongoza ufadhili.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, taa zilizimika karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani pamoja na Eastlands. Kenya Power ilisema mitambo ya Turkana ilikuwa ikitoa megawati 270 kisha ikapotea ghafla kwenye gridi. Wenye mitambo wakajibu kwamba gridi ndiyo iliyopandisha volti na kuwalazimisha watoke. Mimi sina ujuzi wa kuwaamulia. Ila neno hili lilinishangaza: mpaka usiku ule wengi wetu mjini hatukuwa tunajua kwamba tunategemea upepo wa Marsabit kiasi hicho.

Marsabit yenyewe? Rais alipozindua mradi huo, tarehe 19 Julai 2019, mji wa Marsabit ulikuwa hauko kwenye gridi ya taifa. Ulikuwa na mtandao wake mdogo, unaoendeshwa hasa na jenereta za dizeli. Njia ya kilovolti 400 hupita juu ya manyatta kama ndege ya abiria inavyopita juu ya stendi: kuishusha kijijini kunahitaji kituo cha kupunguza nguvu, na kituo kama hicho ni ghali kuliko kijiji chenyewe.

Tuje Kinangop, ambako ndiko hadithi ilikonoga.

Je, wajua kwamba mradi wa kwanza mkubwa wa upepo kuvunjika nchini Kenya uliuawa na wakulima wa viazi? Mpango ulikuwa mitambo 38, megawati 60.8, kwenye uwanda wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, chini ya milima ya Aberdare. Pesa zilikuwepo, wawekezaji wakubwa walikuwepo, mkataba na Kenya Power ulikuwepo. Kilichokosekana ni ridhaa ya watu wenye mashamba. Tofauti na Marsabit, huku kila mtu alikuwa na karatasi yake. Kinangop ilikuwa sehemu ya nyanda walizojitengea walowezi. Baada ya uhuru ikakatwakatwa na kugawiwa familia za Kiafrika, na hati za mashamba hayo hufungwa ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Ukimwambia mzee ambaye baba yake alipigania na kulipia kipande kile kwamba anatakiwa kusaini mkataba wa miaka mingi na kampuni asiyoijua, usitegemee akuulize megawati ngapi. Atakuuliza kama mwisho wake atafukuzwa.

Zilivuma habari nyingi. Kwamba mitambo huleta maradhi, kwamba mifugo itadhurika, kwamba ardhi inaporwa kwa mlango wa nyuma. Baadhi hazikuwa na mashiko ya kisayansi, na wanasiasa wa pale hawakuharakisha kuzizima. Lakini uvumi hupata nafasi pale maelezo yalipochelewa. Mapema mwaka 2015 maandamano yaligeuka kuwa mapambano na polisi, na mtu akapoteza maisha. Februari 2016 kampuni ikatangaza kwamba pesa zimekwisha kabla mradi haujakamilika, ikafunga. Baadaye ikaishtaki serikali ya Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa, na serikali ikashinda.

Pembeni mwa ugomvi huo alikuwepo mkazi mwingine ambaye hakualikwa kwenye baraza lolote. Ni ndege mdogo, mgongo wa kahawia wenye michirizi, kifua cha njano iliyokolea, na kucha ndefu ya nyuma. Jina lake la kisayansi ni Macronyx sharpei. Haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, na hapa Kenya hung'ang'ania nyasi fupi za nyanda za juu zenye vichuguu vya majani. Kinangop ni mojawapo ya ngome zake kubwa. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Haingii msituni, haingii shambani. Ukilima nyasi yake anahama, na ukilima yote hana pa kuhamia.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa mtu anayetaka kujua nani mwema na nani mbaya. Mitambo ya upepo ingeweza kumsumbua ndege huyu, na wahifadhi walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini nyasi ya Kinangop ilikuwa ikimalizwa na jembe na mikaratusi miaka mingi kabla ya mtambo wowote kuchorwa kwenye karatasi. Na jembe linalima kwa ajili yetu. Waru zinazokaangwa kuwa chipo kwenye vibanda vya Eastlands, kabeji zinazoshushwa Marikiti na Muthurwa alfajiri, sehemu kubwa hutoka nyanda hizo za juu. Mtu wa Ziwani anaweza kuwa mbali na ugomvi wa upepo, lakini katika habari ya ndege huyu yumo mpaka kwenye sahani.

Shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake inarudi kwenye chama cha historia ya viumbe kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909, liliamua kutoishia kulalamika. Lilinunua vipande vya ardhi Kinangop na kuviacha viwe nyasi. Na wenyeji, chini ya kikundi cha Marafiki wa Uwanda wa Kinangop, wakagundua kwamba rafiki mkubwa wa ndege huyu ni kondoo. Kondoo hula nyasi zikabaki fupi jinsi ndege anavyopenda, na sufu yao inasokotwa na kufumwa mazulia huko Njabini. Mkulima anayepata pesa kwa sufu ana sababu ya kutoilima nyasi yake. Mpango mdogo, wa polepole, usiozinduliwa na rais. Naupenda kuliko mingi niliyoisoma.

Nenda sasa upande wa pili wa Nairobi, Kajiado. Je, wajua kwamba kuna watu walioajiriwa kukaa chini ya mitambo wakitazama mbinguni kwa darubini, na wakimwona tumbusi anakuja, mtambo unazimwa? Hiyo ni Kipeto, eneo la Esilanke: mitambo 60, megawati 100, iliyoanza biashara rasmi mwaka 2021. Kila mtambo wa Kipeto una mapanga yenye kipenyo cha meta 103, karibu maradufu ya yale ya Turkana ya meta 52. Karibu na hapo kuna majabali ambako tumbusi hulala na kuzaliana, na katika anga ya eneo hilo wamo wa jamii mbili zilizo kwenye ukingo wa kutoweka kabisa: tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe.

Kwa nini ndege mwenye macho makali vile ashindwe kuona mtambo mkubwa kuliko ghorofa? Utafiti wa Graham Martin wa Uingereza na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulitoa jibu la ajabu. Jicho la tumbusi limeumbwa kutazama chini. Anapoinamisha kichwa kutafuta mzoga, upande anaoelekea huwa gizani kwake. Anaruka kama kipofu huku akiona kila kitu kilichomo ardhini. Kwa mamilioni ya miaka hakukuwa na hasara, maana angani hapakuwa na cha kugonga. Huyo wa Rüppell hupanda juu kuliko ndege yeyote anayejulikana: mnamo Novemba 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye kimo cha futi 37,000. Na tumbusi wa jamii hizi hutaga yai moja tu kwa msimu. Ukiua mmoja mzima, pengo lake halizibiki mwaka huo wala ujao.

Kwa hiyo Kipeto, pamoja na wahifadhi wa Nature Kenya na The Peregrine Fund, iliweka walinzi wa anga, wengi wao vijana wa Kimaasai wa palepale. Mizoga huondolewa haraka isiwavute ndege chini ya mapanga. Lakini sehemu ninayoiona kuwa ya busara zaidi iko mbali na mitambo. Tumbusi wengi wa Kenya hawafi kwa mapanga. Wanakufa kwa sumu. Simba au fisi akila ng'ombe, mwenye ng'ombe hupaka dawa ya wadudu kwenye mzoga, na tumbusi ndio huwa wa kwanza kufika mezani, kwa makumi. Mpango wa Kipeto ukagharimia kazi ya kupunguza sumu hizo kwa wafugaji, kwa hesabu kwamba tumbusi anayeokolewa kwenye mzoga atafidia yule atakayegongwa. Ni hesabu ya kutisha kidogo, lakini ni ya kweli kuliko kujifanya mtambo hauna madhara.

Mbona Kipeto hapakuwaka moto kama Kinangop? Wamaasai wa pale walikuwa wameshagawana ranchi ya pamoja, kila familia na hati yake, kama Kinangop. Tofauti ilikuwa malipo: mwenye shamba hukodisha, shamba hubaki lake, na hupata sehemu ya mapato ya mtambo kila mwaka, jamii ina mfuko wenye hisa katika kampuni, waliokuwa wakiishi karibu mno na mitambo walijengewa nyumba mpya. Ng'ombe wanaendelea kula malisho. Sisemi kila mtu ameridhika, maana Kajiado haijawahi kuishiwa na ugomvi wa mashamba. Nasema tu kwamba aliyeulizwa kwanza na akaonyeshwa faida yake kwa shilingi hahitaji kuelezwa uzuri wa nishati safi.

Kuhusu ndege, lipo jaribio dogo la kupendeza kutoka kisiwa cha Smøla, Norway tena. Mitambo minne ilipakwa rangi nyeusi kwenye panga moja kati ya matatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha vifo vya ndege kwenye mitambo hiyo vimepungua kwa zaidi ya asilimia 70, ikilinganishwa na jirani zake zisizopakwa. Mitambo minne ni michache na wanasayansi wenyewe walionya hivyo, lakini ndoo ya rangi nyeusi ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa hapo juu.

Lamu nako kulikuwa na upepo wa megawati 90 uliotarajiwa mahali paitwapo Baharini, karibu na Mpeketoni. Kampuni zikagombania ardhi ileile mpaka mahakamani, na mradi ukakwama kabla upepo haujaulizwa lolote.

Na mandhari je? Ndiyo, kuna nchi ambako ugomvi ni wa macho hasa. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, liliweka sheria mwaka 2014 kwamba mtambo uwe mbali na makazi kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake, na ujenzi ukadidimia. Uingereza ilibana mitambo ya nchi kavu katika England tangu 2015, kiasi kwamba karibu hakuna kilichojengwa, hadi serikali mpya ilipolegeza kamba Julai 2024. Watu walisema mitambo inaharibu sura ya vilima vyao.

Sasa linganisha na Ngong. Mitambo miwili ya kwanza ililetwa huko mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na kwa hesabu za leo ilikuwa midogo sana. Kampuni ya umeme ya KenGen iliongeza mingine mwaka 2009, kisha tena miaka michache baadaye, na sasa inatoa megawati 25.5. Ukijumlisha na Turkana na Kipeto unapata kama megawati 435, upepo wote mkubwa wa Kenya, wakati ambapo mwaka 2025 nchi ilivuka megawati 2,300 saa ya matumizi makubwa. Mitambo ya Ngong imesimama juu kabisa ya kilima, pale panapoonekana na jiji zima, ndani ya msitu wa serikali. Hakuna kilima kinachopendwa na Wanairobi kuliko hicho, na bado sijakutana na kikundi cha kupinga sura ya mitambo ile. Watu hulipa kiingilio cha Huduma ya Misitu kwenda kupiga picha chini yake. Nimeona hata picha za harusi.

Ukitaka kwenda kutoka Ziwani, shuka town, panda matatu namba 111 mpaka Ngong, kisha chukua boda hadi lango la msitu. Beba koti, maana upepo wa juu huko hauna adabu, na kofia isiyofungwa utaifuata upande wa Bonde la Ufa. Asubuhi ya Jumamosi kabla ya saa tatu ndiyo nzuri, kabla makundi ya wapanda milima hayajajaa njiani.